Figo la Baba Makumbushoni

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi kaja asubuhi, sijatoa hata keki za kwanza kwenye oveni. Hakukaa. Shangazi akikataa kiti ujue pana jambo! Fundi wa kaburi yuko tayari, akasema. Jiwe limechongwa, mwisho wa mwezi anamwaga zege na kufunga. Kwa hiyo kabla hajafunga, figo la kaka yake lirudi lilale na mwenyewe. Alisema hivyo hivyo, sauti juu, mlangoni mwa duka langu, na mteja kasimama pale na picha ya keki ya harusi mkononi. Mteja alitoa macho — nikamwambia ni mambo ya kifamilia, tuendelee na rangi ya maua.

Niandike vizuri, maana hata mimi nikilisimulia hili jambo naona kama natunga.

Baba alikuwa mzima alipokwenda kupimwa mgongo. Wakakuta hana mafigo mawili kama watu. Ana moja kubwa, mawili yaliyoungana huku chini, limekatiza tumboni upande hadi upande. Halikuwa ugonjwa. Alizaliwa nalo, akasoma nalo, akaoa nalo, hakuna aliyejua. Profesa wa chuo cha udaktari akamwendea hadi nyumbani, akamwomba kwa adabu kabisa: siku ukiondoka duniani, tunaomba tubaki nalo makumbushoni tufundishie. Na Baba — mkaguzi wa mizani, mtu ambaye akiingia dukani mwenye duka anasahau kupumua — akajibu, chukueni, huko niendako sitakuwa na haraka ya kukojoa. Huo ndio mzaha pekee wa Baba ninaoukumbuka. Mama akaridhia.

Kiharusi ndicho kilichomwondoa, wala si figo. Wakachukua walichoahidiwa, tukazika mwili. Wakamwambia Mama kwamba siku yoyote akibadili mawazo aseme tu, neno lake ndilo la mwisho. Miaka saba sasa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuliona. Na chuo chenyewe ni basi moja tu kutoka hapa!

Jioni Shangazi kamweleza Mama. Mama alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua hadi Shangazi akaanza kukohoa kwa makusudi. Ndipo akanigeukia mimi. Nenda ukaone anavyokaa, akasema, halafu nitasema.

Anavyokaa! Kama mtoto aliyepelekwa bweni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Nimeaibika. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Makumbusho yako nyuma ya kumbi za mihadhara, chini, mlango wa kijani. Nilidhani nitakuta stoo ya mifupa. Mama yangu! Chumba cha mbele kina sikio kubwa kuliko kochi — unaingia ndani yake kwa miguu, unapinda, unapinda tena, unatokea kwenye ubongo. Kuna mifupa ya mguu imetundikwa kwa nyuzi nyembamba, ukipuliza inatikisika. Kuna pafu la mtu aliyevuta sigara na pafu la ambaye hakuvuta, yamewekwa jirani bila maneno. Nilisimama nimeshika mkoba kwa mikono miwili, pumzi nimeibana kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada ya watu wengine.

Halafu nikaliona. Kwenye sanduku la kioo, limepinda kama herufi U, jekundu la kahawia. Kibao kinasema ni figo lililoungana. Nililia jamani, nililia kilio cha miaka saba! Nikaongea naye. Nikampa habari zote: Mama hajambo, kaka kapata mtoto wa pili, na lile duka la keki ulilosema halitamaliza mwaka, Baba, lipo na lina oveni mbili. Nikajipiga kifua kabisa.

Nyuma yangu akaja mwanamke mfupi, koti jeupe, mifuko imejaa vitambaa vya kufutia, miwani inaning'inia shingoni. Ndiye mtunzaji wa makumbusho. Wanafunzi wanamwita Mama Chupa, na mwenyewe anaitika. Akasubiri nimalize. Akanipa kitambaa. Ni ndugu yako? Nikasema ni baba yangu. Akanishika bega.

"Pole sana dada. Lakini huyu ni plasta."

PLASTA! Na rangi! Mimi, mtu wa keki mzima, mtu ninayetengeneza mawaridi ya sukari watu wakayanusa, nimedanganywa na plasta na nikaamini. Nilitaka sikio lile linimeze. Mama Chupa hakucheka — midomo ilimcheza kidogo tu. Akaniambia nisione haya, maana ile plasta imetolewa kwenye figo la Baba lenyewe. Walitengeneza kalibu juu yake, wakamimina, wakapaka rangi, kila mkunjo ni wake. Hii ya plasta ndiyo inayopanda gari kwenda mashuleni. Yeye mwenyewe yuko chumba cha ndani, kwa wanaokuja kujifunza na kwa ndugu wa waliomo.

Basi sikumlilia mtu baki.

Akauliza kama nataka kuingia ndani sasa. Nikakataa. Niliogopa, niseme ukweli. Akasema Jumanne wana darasa, nije, kukiwa na watu huwa rahisi zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama anataka ripoti. Nikamwambia sijamwona, nimeona sanamu yake. Akaguna. Kuna feni chumba hicho? Sijui Mama. Uangalie, maana hapendi upepo wa kumpiga ubavuni.

Shangazi kapiga simu mara mbili. Sijapokea. Mikono ilikuwa kwenye unga — ya kwanza. Ya pili ilikuwa mikavu kabisa.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwona Baba.

Nianze mwanzo.

Chumba cha ndani hakina dirisha lililo wazi. Mapazia mazito, kwa sababu mwanga unawapausha, ndivyo anavyosema Mama Chupa — unawapausha, kama watu. Makabati ya mbao yamesimama hadi darini, ndani yake mitungi ya kioo, mikubwa na midogo, kila mmoja na namba. Hakuna jina. Nilidhani nitasikia kinyaa. Sikusikia. Nilisikia ukimya, ule wa watu wengi waliokaa wakisubiri useme. Na hakuna feni! Niliangalia kabla ya yote.

Wanafunzi walifika, nikasimama pembeni. Wakapanga mstari mbele ya kabati la tatu. Nikadhani wanasubiri ufunguo, kumbe ufunguo ulikuwa mlangoni tayari. Msichana wa mbele akagonga mbao kwa kidole. Akasema:

"Hodi."

Kabati! Anabishia hodi kabati! Na hakuna aliyetabasamu. Mama Chupa akajibu, "Karibuni," ndipo wakafungua.

Profesa akanieleza kwa sauti ya chini. Ni yule yule aliyekuja nyumbani, sasa kazeeka, amevaa soksi za rangi mbili tofauti. Hapa hakuna anayefungua kabati bila hodi, akasema, hata yeye. Hawa hawana mdomo wa kujibu, kwa hiyo mtunzaji anajibu kwa niaba yao. Akiwapo mtu wa familia, familia ndiyo inayojibu. Akamwashiria yule msichana arudie. Msichana akafunga mlango wa kabati. Akagonga tena. "Hodi."

Wote wakaniangalia mimi.

Neno moja tu! Nalisema mara hamsini kwa siku dukani. Leo halikutoka. Nikatikisa kichwa, Mama Chupa akalisema kwa niaba yangu, na darasa likaendelea. Hakuna aliyenilaumu. Najilaumu mwenyewe inatosha.

Wakamtoa. Rangi yake si ile nyekundu ya plasta. Ni kama chai ya maziwa iliyopoa. Na ni mkubwa! Mabega mawili, na huku chini daraja nene linaloyaunga. Nilitegemea nilie tena. Sikulia. Nilikodoa macho tu. Kitu hiki kilikuwa nyuma ya mkanda wa Baba, chini ya shati lililopigwa pasi, siku zote alizonishika mkono kunipeleka shule. Kinafanya kazi yake kimya kimya, hakuna anayekijua, hata mwenyewe.

Profesa akawavalisha glavu. Kisha akawaambia wafumbe macho. Ndivyo wanavyofundishwa hapa: wanashika gizani. Kwenye tumbo la mgonjwa damu inafunika kila kitu, macho hayakusaidii, vidole ndivyo vinavyotakiwa kujua. Mmoja baada ya mwingine wakampokea Baba kwenye viganja, macho yamefumbwa, wanapapasa taratibu, wanasema wanachokikuta. Hapa ni juu. Hapa mrija. Hapa... hapa hapaishi, kuna daraja. Kila aliyefika kwenye daraja alinyamaza. Kila mmoja! Nilizitazama nyuso zao badala ya mikono.

Halafu kijana mmoja mrefu akasema, ahsante Tabasamu, akampitisha kwa mwenzake.

Tabasamu?

Ndilo jina lake humu ndani. Kwa sababu ya umbo — limepinda kama mdomo unaocheka. Wamemwita hivyo tangu mwaka wa kwanza alipofika, kila darasa linaliachia linalofuata. Baba! Baba aliyenuna hata kwenye picha ya harusi yake! Nikacheka kwa nguvu mle ndani, nikaziba mdomo kwa mkoba.

Lakini kubwa sijaliandika. Profesa aliwaeleza habari ya mwanafunzi wake wa zamani, sasa ni mpasuaji hospitali ya mbali. Aliletewa mgonjwa wa ajali anavuja damu tumboni, hakuna muda wa picha wala vipimo. Akaingiza mkono, mkasi uko tayari, vidole vikagusa kitu mbele ya mshipa mkuu, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na kitu. Mwingine angedhani ni uvimbe, angekata. Yeye akasimamisha kila kitu, akatamka, "Tabasamu!" Wauguzi wakadhani daktari kachanganyikiwa. Akapitia njia nyingine. Mgonjwa kaondoka hospitali kwa miguu yake.

Kuna mtu anatembea huko, hajui jina la Baba, na sisi hatujui lake. Nilirudi kwenye basi nimesimama ingawa viti vilikuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Keki ya harusi imekwenda. Mawaridi yote yamepinda kushoto, sikuyatazama nikiyatengeneza.

Nimemweleza Mama kila kitu isipokuwa lile jina. Alisikiliza akiwa ameacha kula. Mwisho akauliza: wanamshika kwa mikono miwili? Ndiyo Mama, kila mmoja, mikono miwili. Akarudi kwenye sahani yake.

Kuhusu kaburi hakusema kitu. Na mimi sikusema ninachokitaka. Maana nimeshajua ninachokitaka, na Shangazi atanitoa roho.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Chupa alinipigia. Kuna msichana mtafiti angependa kuniona, kama sina shida. Nikafunga duka mchana. Mimi! Kufunga duka mchana!

Chumba chake ni kidogo, kompyuta mbili, sweta kwenye kiti. Anatafiti mishipa ya damu ya mafigo ya namna hii. Wamempiga Baba picha za mashine, hawakumkata wala kumtoboa popote. Akabonyeza, na Baba akatokea kwenye kioo, kapakwa rangi, anazunguka taratibu hewani. Mishipa ikawaka myekundu. Watu wengi, akasema, kila figo lina mshipa mmoja mnene unaolilisha. Huyu wako anayo mitano! Mmoja umepanda juu, mmoja umetokea nyuma, huu mwembamba umeingia moja kwa moja kwenye daraja. Alikuwa anaonyesha kwa kalamu huku ananitazama kama mimi ndiye niliyeitengeneza.

Anakusanya picha kama hizi kutoka vyuo vingi, kila figo na njia zake, ili wapasuaji wawe na ramani. Nikamwuliza kwani wangelikosa hili moja pangeharibika nini. Akafikiri kwanza. Akasema njia ya huu mshipa mwembamba hajaiona kwa mwingine yeyote.

Nikakaa nikiutazama. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimetazama kitu bila kufikiria nitakifanyia nini.

Kisha yeye akaanza kuniuliza mimi. Alikuwa analalamika mgongo? Kila masika. Alikunywa maji mengi? Maji hakuyagusa, alikunywa chai tu, birika zima. Akasimama. Akafungua mlango akawapigia kelele wenzake chumba cha pili: Tabasamu alipenda chai! Nikasikia watu wanashangilia. Miaka yote hii wanamjua hadi ndani ya mishipa na hawakujua habari ya chai.

Nimewapa na nyingine. Kwamba aliimba akinyoa. Kwamba mizani yake ya kazini tulikatazwa kuigusa, na kaka aliigusa. Msichana alikuwa ameweka kalamu chini, anasikiliza tu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo plasta imepanda gari na kuja shule iliyo mbele ya duka langu. Nilimwomba Mama Chupa mwenyewe. Kaja na sanduku limetandikwa sponji, kila kiungo na shimo lake, mimi nikabeba upande mmoja.

Watoto wa darasa la tano. Kelele kama soko — mara sanduku likafunguliwa, kimya! Wakapitishiana. Kila mtoto analiweka kwanza tumboni kwake, juu ya sare, anajitazama. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Hata mwalimu wao alipopewa kalipeleka tumboni.

Mama Chupa akawaeleza kwamba limetolewa kwa mtu wa kweli, alikuwa baba wa mtu, alikubali mwenyewe ili wao wajue. Hakunitaja, hakunitazama. Msichana wa dawati la mbele, nywele zimesukwa nusu na nusu bado, akainua mkono. Je, anajua kwamba sisi tumemshika? Mama Chupa akasema hilo hawezi kulijua, anachojua ni kwamba aliruhusu.

"Basi mwambieni ahsante," yule mtoto akasema, akampitishia jirani yake.

Nilirudi dukani nikavunja mayai mengi kuliko niliyoyahitaji.

Jumapili, 23 Machi

Kikao. Mama, Shangazi, mimi. Kaka kwenye simu, anakatika, anarudi, mwisho akasema uamuzi wowote wa Mama ni sawa, simu ikakatika kabisa. Mwanaume huyu!

Nikasema yote. Darasa la kufumba macho, mgonjwa wa ajali, mishipa mitano. Hata jina nikalisema. Mama akafunika uso kwa upande wa khanga na mabega yakamtikisika. Nikadhani analia — anacheka! Tabasamu, anasema. Tabasamu! Huyu huyu?

Shangazi hakucheka. Kaka yangu si kitabu, akasema, mtu akimaliza kukisoma anamwachia mwingine. Akasema walilala kitanda kimoja utotoni, yeye ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao anaumwa, anaujua uzito wake kabla yetu sisi wote. Anataka alale mzima, basi. Hataki siku akimkuta huko aulizwe mbona mlinizika nusu. Sauti ilikuwa inamwisha.

Nikaona niseme na ile ya mtoto. Nikasema, watoto wa shule wamemtumia ahsante.

Shangazi akanitazama. Nani? Nikamweleza. Akaanza kulia, kilio kidogo cha puani. Kaka yake hakupata ahsante ya mtu maisha yake yote, akasema. Wenye maduka walimchukia, wateja hawakujua kwamba ni yeye aliyewalinda wasipunjwe. Alikuwa anapita njiani watu wanatema mate. Ahsante! Akalirudia hilo neno, akajifuta.

Nikafikiri tumemaliza. Akafunga kilemba vizuri, akasema, lakini fundi anafunga kaburi Jumamosi. Na mimi nimesema neno langu.

Nimchukie Shangazi? Siwezi. Kila alichosema nilikiona mbele yangu. Nikimsikiliza yeye nataka Baba alale, nikikumbuka zile nyuso zilizofumba macho nataka abaki. Nimechoka kuwa pande mbili.

Mama akakunja mkeka. Alhamisi twende wote watatu, akasema. Siwezi kuamua habari za mume wangu kwa kusimuliwa.

Jumatano, 26 Machi

Shangazi kaja kupiga pasi dukani kwangu, kwake umeme umekatika. Kitambaa cheupe, kipya, pamba safi. Cha kumfungia. Akakipiga pasi upande huu, akageuza, akakipiga upande ule, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba wake mweusi. Sikuuliza. Keki tatu zimedidimia katikati.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika nikiwa humu humu, chumba cha ndani, kwenye stuli kando ya kabati la kwanza. Nimewaachia nafasi. Nikisubiri hadi nyumbani nitaandika nilichotaka kitokee.

Mama kavaa gauni lake la bluu, lile la sherehe, na viatu vinavyombana. Shangazi kabeba mkoba mweusi mapajani safari nzima, mikono miwili juu yake. Kwenye chumba cha mbele Mama akaliona sikio, akasimama. Akaliingia! Tukamsubiri upande wa pili. Akatokea akasema, kumbe ni safari ndefu hivi, ndiyo maana alikuwa hasikii nikimwita.

Profesa alimsalimia Mama kwa mikono miwili na kuinama. Akamwambia neno lako, mama, ndilo tunalolifuata, ukisema leo ni leo. Kisha akatoka nje, akamwachia Mama Chupa.

Mama Chupa akagonga kabati mwenyewe. Hodi. Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa anatazama namba za mitungi, sidhani alisikia. Shangazi alisikia, akatazama chini. Nikafungua mdomo mimi — na safari hii likatoka, jembamba, lakini likatoka. Karibuni. Nikasikia sauti yangu kama ya mtoto.

Sasa mtungi uko mezani. Mama ameketi mbele yake. Hajaugusa. Amesogeza uso karibu sana, pumzi yake inafanya ukungu kwenye kioo. Anamwambia kitu, sisikii, sitaki kusikia. Nimesikia tu neno chai. Sasa anamcheka. Anamwambia, una mabega hata humu!

Shangazi amesimama hatua kadhaa nyuma. Hajakaribia. Kila mara anatazama saa ya ukutani, sijui anahesabu nini. Sasa amefungua mkoba. Ametoa kile kitambaa.

Amekifungua mkunjo mmoja. Mwingine. Mama kamwona. Mama Chupa kasogea pembeni, mikono nyuma, hakuna anayemzuia.

Amefika mezani. Ametazama muda — muda mrefu jamani. Hajawahi kumwona. Wifi, kamwambia Mama, mbona kioo kina alama za vidole. Akakunja kona ya kitambaa, anafuta. Anafuta ukungu wa Mama, anafuta vidole vya watu, anazunguka mtungi taratibu, huku chini kwenye ukingo, huku juu kwenye kifuniko. Kitambaa kilichobaki kinaning'inia, cheupe, hadi magotini kwake.

Mama anamtazama yeye, si mtungi. Wifi, kamwita, nimwambieje huyu mama wa watu? Shangazi anafuta tu.

Nje kuna viatu. Wanafunzi wa saa nne, nilisahau kwamba leo wana darasa! Mama Chupa kaangalia mlango, kamwangalia Mama. Mama kamwangalia Shangazi.

Wamegonga. Sauti ya kike, changa.

"Hodi?"

Hakuna anayejibu. Mimi nimelishika neno mdomoni, silitoi, si langu mara hii. Mama kabana midomo. Wamegonga tena, polepole zaidi, kama wanaotaka kuondoka.

Shangazi kainua kichwa. Kitambaa bado kiko mkononi. Kasafisha koo.

"Karibuni," kasema. "Ila mnawe mikono kwanza."

Mlango unafunguliwa. Naweka kalamu chini.